Dirisha la kanisa kuu kwa rangi mbili: mwongozo kamili wa kushona kipande kimoja

Ukiliona pambo hili kwa mara ya kwanza utaapa kwamba kuna mtu aliyekaa na mkasi akikata matao na petali moja moja. Hakuna tao lililokatwa. Vipande vyote ni miraba, na mishono yote ya cherehani imenyooka. Matao hutokea mwishoni tu, pale unapoviringisha kingo za kitambaa kilichokunjwa na kuzilaza juu ya viraka vya rangi. Ndipo kila kiraka kinapokaa ndani ya fremu yake mfano wa kioo cha rangi kwenye dirisha la kanisa, na jina limetoka hapo.

Mshono huu ni wa Wamarekani, na katika karne ya 20 ulipendwa sana kwao na washonaji wa kwilti, yale mablanketi ya viraka. Tofauti na kwilti nyingine, huu hauna sufi katikati wala mshono wa kushika tabaka tatu. Mikunjo yenyewe ndiyo unene. Kitambaa walichozoea kutumia kwa fremu ni pamba isiyopaushwa. Kwetu si kigeni: ni amerikani, nguo ambayo meli za Salem, Massachusetts, zilikuwa zikiishusha Unguja tangu nusu ya kwanza ya karne ya 19. Kwa hiyo usihangaike kuagiza kitambaa maalumu. Amerikani ya dukani inatosha, na kwa vioo, yaani vile viraka vya rangi, una vipande vya kitenge vilivyobaki kwa fundi.

Tutashona kipande cha fremu tisa, tatu kwa tatu, chenye upana wa sentimita 31.5, cha kuweka juu ya mto wa kochi. Fremu tano zitakuwa za rangi moja na nne za rangi nyingine, zikipishana. Ukizipanga hivyo, petali za rangi moja hufuatana kwa mshazari kutoka kona hadi kona, na kila zinapofika mahali fremu nne zinapokutana hukatana na mstari wa petali za rangi ya pili. Kwa mbali macho yanaona mkeka uliosukwa. Ukishona fremu zote kwa rangi moja utapata dirisha zuri pia, lakini huo msuko hutauona.

Kitambaa

Chukua pamba tupu. Hili silegezi, kwa sababu kazi nzima inategemea kunja linalotii pasi, na poliesta haitii: unaikunja, unaipiga pasi, ukigeuka imejifungua. Kama muuzaji anasema ni pamba na wewe una shaka, chomoa nyuzi mbili uziwashe kwa kiberiti mahali salama. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha punje ngumu.

Kwa fremu nunua nusu mita ya kila rangi. Utabakiwa na kiasi, nacho kitakufaa ukiharibu fremu moja. Poplini ya pamba ni nzuri, amerikani ni nzuri. Kitambaa kizito kama kaki au jinzi achana nacho, maana katikati ya kila fremu kutakuwa na tabaka nyingi na sindano itakwama. Tofauti ya rangi mbili iwe wazi: maziwa na bluu ya bahari, kijivu na haradali. Rangi zinazokaribiana zitaua msuko wote.

Vioo ndipo pa kuchezea. Kitenge chenye maua madogo kinapendeza kuliko chenye michoro mikubwa, kwa sababu kioo ni kidogo na mchoro mkubwa utakatika vibaya. Khanga inafaa pia, ila nyingine hutoa rangi. Lowesha kona ya kitambaa, weka juu yake kitambaa cheupe, kandamiza kwa pasi ya moto. Ukiona doa kwenye cheupe, kifue peke yake mpaka maji yawe safi au kiache. Vitambaa vyote vifuliwe na kupigwa pasi kabla ya kukata. Pamba hurudi, na ikirudi baada ya kushonwa petali zitajikunyata.

Vifaa vingine ni vya kawaida: cherehani, pasi, mkasi mkali, rula ndefu, chaki au penseli ya kitambaa, pini nyembamba, sindano ya mkono nyembamba, uzi wa pamba wa rangi za fremu, na kijiti butu cha kusukumia kona. Cherehani ya kukanyaga ni bora kuliko watu wanavyoidhani. Kwenye kazi hii hutaki mbio, unataka kusimama hasa pale unapotaka kusimama. Weka sindano namba 90.

Vipimo, na kwa nini vipo hivyo

Mafundi wengi tunapima kwa inchi. Kwa leo geuza futi upande wa sentimita, hesabu itakuwa nyepesi.

Fremu hukatwa mraba wa sentimita 22. Mshono unakula nusu sentimita kila upande, inabaki 21. Kunja la kwanza la kona kwenda katikati linaacha mraba wa karibu 14.8. Kunja la pili linaacha 10.5, yaani nusu ya 21. Kioo hukaa kwenye almasi inayopatikana fremu mbili zikiunganishwa, na almasi hiyo ina upande wa sentimita 7.4. Kioo chenyewe kikate sentimita 7 kwa 7, ili kingo zake zikae ndani kidogo ya mikunjo itakayozifunika.

Ukitaka ukubwa mwingine, toa 1 kwenye kipimo cha kukatia kisha gawa kwa 2: hiyo ndiyo fremu iliyokamilika. Zidisha jibu kwa 0.7 na utoe 0.4, upate kioo. Fremu ya kukata 18 inakupa 8.5 na kioo cha 5.5. Ya kukata 26 inakupa 12.5 na kioo cha 8.3. Chini ya 18 sikushauri kwa kipande cha kwanza, vidole havina pa kushika.

Umeona kwamba kitambaa kinaliwa. Mraba wa 22 unatoa uso wa 10.5 tu, maana yake unatumia zaidi ya mara nne ya eneo linaloonekana. Mtu akikuagiza shuka zima la mtindo huu, fanya hesabu hiyo kabla hujataja bei.

Kukata na kushona mfuko

Tengeneza mraba wa kadibodi ngumu wa 22 kwa 22. Upime kona kwa kona: mishazari yote miwili iwe 31.1. Kama mmoja ni mrefu kuliko mwingine, huo si mraba, na kosa hilo litajirudia mara tisa. Laza kadibodi sambamba na nyuzi za kitambaa, mbali na pindo la kiwandani, chora, kata. Kulala sawa na nyuzi ni muhimu: tutakunja kona kwenda katikati, na kingo zitakazotokea zitakuwa kwenye ulalo wa kitambaa, upande unaovutika. Kwa sababu zinavutika ndiyo maana zinakubali kupinda kuwa tao bila kukunjamana. Ukikata fremu kwa mshazari ili ubane kitambaa, kingo zitakuwa ngumu na tao litakataa.

Sasa kunja mraba katikati mara moja, uso kwa uso, upate mstatili wa 22 kwa 11. Shona pande mbili fupi tu, nusu sentimita kutoka ukingoni, ukirudi nyuma mishono mitatu mwanzo na mwisho. Upande mrefu ulio wazi uache. Punguza kitambaa cha ziada kwenye kona zilizo upande wa kunja, bila kugusa uzi.

Umepata mfuko wenye mdomo mrefu. Shika mdomo katikati, kila upande kwa mkono mmoja, uuvute kinyume mpaka mishono miwili uliyoshona ikutane uso kwa uso. Mfuko utageuka wenyewe kuwa mraba wenye mdomo unaokwenda kona kwa kona. Kingo za ziada za mishono hiyo miwili, ile nusu sentimita, zilaze moja huku na nyingine kule, kisha piga pini mishono ikiwa imekutana sawasawa. Hapa usikadirie kwa macho. Mishono isipokutana, katikati ya fremu patakuwa pamehama, na utapaona mpaka mwisho.

Shona mdomo wote, nusu sentimita, lakini upande mmoja wa makutano acha tundu la sentimita 5. Tundu lisiwe katikati, wala lisifike kona. Punguza kona, pindua mfuko kupitia tundu, sukuma kona kwa kijiti butu. Ncha ya mkasi itatoboa, na kona iliyotobolewa haifichiki. Piga pasi. Una mraba wa tabaka mbili, upande mmoja mtupu na upande mwingine una mishono inayokatana katikati. Tundu huna haja ya kulishona. Litafunikwa.

Rudia mpaka zipatikane fremu tano za rangi moja na nne za nyingine, kisha zipange zote moja juu ya nyingine. Ile inayozidi au kupungua kwa zaidi ya milimita 2 ifumue sasa. Kuna wanaosema kitambaa kitavutika. Ni kweli kitavutika, ila kitavuta na jirani zake.

Kunja la pili

Mfuko uliokwisha kuushona ndio kunja la kwanza. Laza fremu huku upande wenye mishono ukitazama juu. Leta kona zote nne mpaka katikati, pale mishono inapokatana. Nitaziita ndimi, maana tutazifungua na kuzifunga mara nyingi. Ncha za ndimi zigusane bila kupandana. Piga pasi kwa kukandamiza na kuinua. Ukiisukuma huku na huku utavuta ule ulalo na mraba utakuwa na mawimbi. Alama ya kunja iwe kali, kwa kuwa ndiyo mstari wako wa kushonea, hakuna chaki itakayochorwa. Mimi hunyunyiza maji kidogo ya wanga na kupiga pasi mara ya pili.

Kuunganisha

Tuite A rangi yenye fremu tano na B ile yenye nne. Panga fremu mezani: mstari wa kwanza A, B, A, wa pili B, A, B, wa tatu A, B, A. Piga picha kwa simu kabla hujaanza kuziinua.

Chukua A na B za kwanza. Kwenye kila moja fungua ulimi wa upande utakaoungana na mwenzake. Ziweke mgongo kwa mgongo, ndimi mbili zikitokeza nje pamoja, na alama za kunja zikilaliana. Piga pini mwanzoni, katikati na mwisho. Shona juu ya alama ya kunja, kuanzia kona hadi kona ya fremu, ukirudi nyuma kila mwisho. Uzi ukipita kona hata mishono miwili utashika ulimi wa jirani, na fremu haitalala. Ukimaliza, zifungue fremu zilale kando kwa kando, na kila ulimi urudi juu ya fremu yake. Kwa nyuma utaona mstari mmoja safi bila uzi wowote unaoning'inia. Hii ndiyo raha ya mshono huu: nyuma ni safi kama mbele.

Maliza mistari mitatu, kisha unganisha mstari kwa mstari kwa njia ileile: fungua ndimi zote za ukingo, linganisha makutano kwanza, piga pini pale, halafu shona moja kwa moja. Kwenye makutano tabaka ni nyingi. Zungusha gurudumu kwa mkono ili sindano ishuke taratibu.

Baada ya hapo shikiza katikati ya kila fremu. Kwa sindano ya mkono na uzi wa rangi ya fremu, pitisha kwenye ncha nne za ndimi, kaza zikutane, shona msalaba mdogo mara mbili mpaka nyuma, funga. Wengine huweka shanga hapo. Kwenye mto wa kulalia usiweke.

Vioo

Sasa utaona kwamba kila palipo na mshono kati ya fremu mbili, ndimi mbili zimetengeneza almasi. Fremu tisa zina almasi kamili 12. Kata vioo 12 vya 7 kwa 7. Kabla ya kushona hata kimoja, viweke vyote mahali pake bila pini, simama, rudi hatua chache utazame. Kioo cheusi sana kimoja pembeni huvuta kazi yote upande huo.

Kila kioo kibaki na karibu milimita 2 pande zote kabla ya kufikia ukingo wa almasi. Kikizidi, punguza. Kioo kikubwa kitavimba katikati na hakuna pasi itakayokilaza.

Kuviringisha

Hii ni sehemu inayochukua muda mrefu kuliko nyingine zote, na ndiyo sehemu tamu. Kaa penye mwanga, weka kazi mapajani au mezani.

Anza na kona za kioo. Kwenye kila ncha ya almasi, viringisha kingo mbili zinazokutana hapo zilale juu ya kioo, kisha zishikize pamoja kwa mishono miwili midogo, milimita 6 kutoka nchani. Kishikizo hiki ndicho kinachofanya petali iishe kwa ncha kali. Wanaokiruka hupata ncha zinazopayuka, na pembe ya kioo huchungulia nje baada ya kufua mara moja.

Sasa shika ukingo mmoja kati ya vishikizo viwili. Katikati yake kunja kwa milimita 6 au 7, na upunguze kidogo kidogo kuelekea ncha zote mbili. Usipime kila mahali, acha kitambaa kikuongoze. Ukivuta taratibu kwa kidole gumba, ulalo utapinda wenyewe na tao litakaa. Ukiona mkunyato, umekunja sana karibu na ncha. Ukiona ukingo mbichi wa kioo, umekunja kidogo mno katikati.

Shona kwa mshono wa kificho: sindano itoke chini ya kunja, ichukue nyuzi mbili tatu za kunja, iingie kwenye kioo na tabaka ya fremu iliyo chini yake, isogee milimita 3, itoke tena. Uzi uwe wa rangi ya fremu, si ya kioo. Kwa kuwa kila kioo kina kingo mbili za rangi A na mbili za rangi B, ni rahisi kuwa na sindano mbili zenye uzi tayari, moja kwa kila rangi. Usikaze uzi, tao litaingia ndani. Vaa subana, kidole cha kati kitakushukuru.

Ukishamaliza vioo viwili vilivyo jirani, utaona kati yao petali ya kwanza imefunguka: kingo mbili zimekimbiana na kuacha umbo la jani. Hapo ndipo watu huanza kuharakisha, na kioo cha tano huwa kibaya kuliko cha kwanza.

Kwa cherehani

Inawezekana, na kwa kitu kitakachofuliwa kila wiki ni afadhali. Shikiza kona kwa mkono kama kawaida, kisha shona kwa mshono wa kawaida, mishono mifupi, ukifuata tao milimita 1 au 2 kutoka ukingo wa kunja. Usizunguke kioo kimoja kimoja. Fuata mshazari: tao moja likiisha kwenye kona, acha sindano chini, inua mguu, geuza kazi, endelea na tao linalofuata la mshazari uleule mpaka ukingo wa pili, kisha rudi kwa upande wa pili wa petali zilezile. Nyuzi za kufunga zitapungua sana. Ubaya wake ni kwamba mshono unaonekana na rangi ya fremu hubadilika ukihamia mshazari wa pili, hivyo chagua uzi wa rangi tulivu, wa kijivu au wa maziwa, unaokubalika na fremu zote.

Ukingo wa nje

Pembeni mwa kipande kuna ndimi 12 ambazo hazina mwenzake, kwa hiyo ni nusu almasi. Unaweza kuviringisha kingo zake bila kioo, ila pataonekana patupu. Bora ukate vioo vingine 12 vya 7 kwa 7, uvikunje kila kimoja kona kwa kona kiwe pembetatu, uvipige pasi. Upande wa kunja ulaze sambamba na ukingo wa nje wa kipande, ndani kidogo, kisha viringisha kingo mbili zilizobaki kama ulivyofanya kwingine. Hakuna ukingo mbichi utakaoonekana.

Kuweka kwenye mto

Kwa kuwa kipande hakina nyuzi za kutatuka mbele wala nyuma, hakihitaji kushonewa bitana. Kata uso wa foronya sentimita 43 kwa 43 kwa mto wa 40, uupige pasi ukikunja nne ili kupata alama za katikati, laza kipande juu yake ukilinganisha alama hizo na katikati ya kila upande. Piga pini nyingi. Shona kuzunguka, milimita 2 kutoka ukingo, kwa mishono mirefu kidogo. Mshono huu unashika na zile pembetatu za pembeni. Kisha malizia foronya kwa zipu au kwa vipande viwili vinavyopandana nyuma, kama unavyoshona foronya nyingine yoyote.

Pasi ya mwisho ipigwe kwa nyuma, kazi ikiwa imelala kifudifudi juu ya taulo nene, ili petali zisibonyee. Ufuaji uwe kwa mkono, maji ya baridi, bila kukamua kwa kusokota. Bonyeza maji yatoke, anika kivulini ikiwa imelazwa.